Matoka na Jakaranda ya Mkebeni

Mwezi uliopita niliitwa Dundori kumzika Mama Chebet. Nimeandika "niliitwa" halafu nikataka kufuta, kwa sababu ukweli ni kwamba nilitumiwa meseji kama watu wengine wote, na sijui kama kuna aliyenikumbuka mimi hasa. Lakini nilipofika, Chebet mwenyewe alinishika mkono akaniketisha kwenye viti vya familia, kwa hivyo neno labda linafaa, naliacha. Mazishi yaliisha mapema kwa sababu ya ukungu. Watu walikula wali na viazi wakiwa wameshikilia sahani karibu na kifua wapate joto, mahema yakafunguliwa, na sisi tuliobaki tukajikuta tumesimama mbele ya zile nyumba mbili zinazotazamana. Nilikuwa katikati ya watoto wawili ambao sasa si watoto tena. Kamau, kijana wa Mama Kamau, ana mvi. Chebet anavaa miwani, na akiivua anafanana na mama yake mpaka naangalia kando. Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, ile ya watu waliomaliza kulia. Kamau alitaka kando ya kaburi kupandwe jakaranda. Chebet alitaka matoka, yale maua ya kitunguu yenye majani marefu kama mikanda na maua meupe yenye mistari ya waridi.

"Mti, Chebet. Mti unakaa. Mama atapata kivuli."

"Kivuli Dundori? Hapa jua lenyewe tunalitafuta na tochi."

"Sasa hayo maua yako si yatalala kiangazi chote? Watu watasema kaburi limeachwa."

"Yatalala, yatarudi. Mimi niko Eldoret, nani atakuja kumwagilia mti? Wewe?"

Halafu Kamau akanigeukia. "Tuulize Anti Sabina. Yeye ndiye alikuwa hapa mwaka ule. Anti, mama zetu wenyewe wangetaka gani?"

Nilisema magoti yananiuma, na nilikuwa sidanganyi. Nilisema wanipe mahali nilale, nitawajibu asubuhi. Nikalala stoo, ile ile niliyolala nikiwa msichana, ingawa sasa ina kitanda na taa ya stima na haina viazi. Usingizi haukuja haraka, na nilipokuwa nimelala hapo nikajaribu kuupanga ule mwaka kichwani mwangu ili nisimpendelee yeyote. Tangu nirudi nyumbani kwangu Kiamunyi nimekuwa nikiuandika kidogo kidogo kila siku baada ya chai. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona kama kimeandikwa na mtu anayejifanya. Lakini kwa jambo hili mashahidi wengine wote waliokuwa wakubwa wamekufa, kwa hivyo nitafanya ninavyoweza.

Ya nyumbani kwetu sitayaeleza sana. Inatosha kwamba tulikuwa watu wa Sachangwan, kando ya barabara kuu, na kwamba nililetwa Dundori kusaidia kazi kwa wajane wawili wa mume mmoja. Marehemu alikuwa amezikwa kitambo kifupi kabla nifike. Mama Kamau alikuwa mke wa kwanza, mrefu, mtu wa maneno machache, aliyefagia hadi chini ya kuku. Mama Chebet alikuwa mke wa pili, Mkipsigis wa Londiani, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika kwa majirani, na Chebet alikuwa bado mgongoni. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya mbao na jikoni yake, lakini shamba lilikuwa moja, ng'ombe mmoja, bustani moja ya mboga ya sukuma, na mimi mmoja. Jikoni ya Mama Kamau ilikuwa nyeusi kwa masizi na safi kabisa, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, juu ya mawe, na ukutani kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa sababu marehemu ndiye aliitundika. Jikoni ya Mama Chebet ilinuka mkaa wa kusugulia vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, na ndani yake hakukuwa na kitu chochote kilichowahi kurudishwa mahali pake. Mimi nilikula kote kuwili. Asubuhi uji kwa mmoja, mchana githeri kwa mwingine, jioni popote nilipokutwa na giza. Sijawahi kushiba hivyo tena, na nimefanya kazi katika nyumba nyingi za watu waliokuwa na vitu zaidi.

Miezi ya kwanza walikuwa marafiki. Najua watu hawaamini wake wenza wanaweza kuwa marafiki, na pengine mume akiwa hai hawakuwa. Hilo siwezi kushuhudia. Ninachoweza kusema ni kwamba jioni walikaa kwenye ngazi ya Mama Kamau wakimenya viazi kwenye karai moja, na walikuwa na ubishi mmoja waliouchezea kama watoto wanavyochezea mpira. Katikati ya nyumba zao palikuwa na ukanda wa udongo mtupu, mahali marehemu alikuwa akiegesha pikapu yake, na walikuwa wamekubaliana papambwe. Walichoshindwa kukubaliana ni papambwe na nini.

"Mimi nataka jakaranda," Mama Kamau alikuwa akisema. "Dada yangu anayo huko Kiamunyi. Ikitoa maua, chini panakuwa zambarau hata huwezi kufagia, unaona huruma."

"Wewe uone huruma ya kufagia? Huo mti bado haujazaliwa."

"Mti ni kama mzee wa boma. Unasimama hapo, kila anayepita anajua kuna wenyewe."

"Mzee wa boma si tulikuwa naye? Alisimama lini? Alikuwa anakaa tu."

Mama Kamau alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na alipomaliza alifuta macho na kona ya leso akasema, "Umenikosesha adabu, mdogo wangu." Mama Chebet alikuwa anataka maua ya kitunguu, yale unayozika mara moja ukasahau. Alisema jakaranda ni mti wa watu wa mjini, baridi ya Dundori itaukausha, na usipokauka utaziba jua la sukuma na mizizi itaingia chini ya nyumba. Mama Kamau alisema maua ya kitunguu ni ya kudanganya watu, yanafurahisha siku chache halafu mwaka mzima unaangalia matope. "Yanalala," Mama Chebet akajibu, "lakini hayajaenda. Hata wewe si unalalanga?" Mimi nilikuwa nikisikiliza nikiosha vyombo, na kila mmoja alinishawishi alipokuwa anaongea. Mpaka leo niko hivyo. Nikiwa na mtu namwona ana haki, akitoka naanza kushuku kama ni yeye au ni mimi mwepesi.

Halafu Mama Kamau akaenda Kiamunyi kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa, na siku hizo hizo mimi nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama Chebet alinishika mlangoni. "Huko kwenu wanawake wa barabarani si wanauza miche? Niletee maua ya kitunguu. Nataka Mama Kamau arudi akute pamependeza." Pale Sachangwan wanauza karoti na viazi kwa ndoo, lakini kuna mama mmoja alikuwa na maua hayo yakijiotea nyuma ya kibanda chake, akanichimbulia kikapu. Hakuniambia jina la maua yale na mimi sikuuliza. Nimeshalifikiria hilo vya kutosha, na sitajipa lawama ambayo si yangu: nilitumwa maua, nikaleta maua.

Tulipanda pamoja, mimi na Mama Chebet. Na Dundori kila kitu kinapandwa kwa kamba. Unachomeka kijiti huku, kijiti kule, unavuta kamba ya manila katikati mpaka inalia ukiigusa, ndipo unachimba. Viazi, karoti, kabichi, hakuna mtu anapanda kwa macho, watakucheka. Mama Chebet alikuwa amejifunza kazi hiyo baada ya kuolewa na alijivunia kuijua kama mwenyeji. Basi alivuta kamba ya viazi kutoka langoni hadi kwenye zizi, katikati kabisa ya nyumba mbili, kwa sababu hapo ndipo maji ya mabati ya huku na ya kule yalikuwa yakiangukia na udongo ulikuwa laini. Tulipomaliza alirudi nyuma akaangalia, mikono kiunoni, matope hadi magotini.

"Sabina, hebu ona. Imenyooka kuliko lami."

Ilikuwa imenyooka kweli.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu msomaji asiyejua atachanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa. Kwa Wakikuyu, maua hayo ni ya mpaka. Matoka hupandwa kwa mstari pale shamba la mtu linapoishia na la mwingine linapoanzia. Ng'ombe hayali, moto hauyamalizi, na aliyeyapanda akifa yeye yanabaki. Yakishapandwa hayang'olewi, mtu akiyang'oa anajiletea laana, na wazee wa zamani hawakuhitaji karatasi nyingine. Mama Kamau alikuwa ameyajua hayo tangu utotoni. Mama Chebet wa Londiani angeyajulia wapi? Na mimi, ingawa ni Mkikuyu wa kuzaliwa, watu wa kando ya barabara hatukuwa na shamba la kupakana na mtu.

Mama Kamau alirudi jioni mapema, jua likiwa bado kwenye mabati. Alikuwa amebeba mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, na ndani ya mkebe kulikuwa na mche wa jakaranda, majani yake madogo madogo yamefungwa na leso yasipigwe na upepo njiani. Alifungua lango. Aliona ule mstari. Nilikuwa nachota maji na nilimwona vizuri: hakushtuka, hakuuliza kitu. Alitembea kando ya mstari upande wa nyumba yake, bila kuuvuka, mpaka mlangoni pake, akauweka mkebe chini karibu na ngazi. Mama Chebet akatoka mbio na mtoto mgongoni. "Mama Kamau! Umeona?"

"Nimeona," Mama Kamau akasema. "Umepanda vizuri."

"Umependa?"

"Ni sawa. Ni haki yako."

Mama Chebet aliniangalia. Haki? Tukadhani amechoka na safari.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilianza kufa, na ilikufa kwa adabu. Nimewahi kufanya kazi ambako watu walirushiana sahani, na ninawaambia, sahani ni afadhali. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mama Kamau aliifungua akafunga yake mpya nyuma ya jikoni. Kibanda cha kuku alikihamisha. Ng'ombe alikuwa upande wa Mama Chebet, kwa hivyo nilipopelekwa na kikombe cha maziwa asubuhi nilirudishwa nacho kikiwa kimejaa. "Mwambie asante sana. Nimeacha maziwa." Akaanza kunywa turungi, chai nyeusi ya majani na sukari kidogo, akiitazama kabla ya kunywa kama dawa.

"Ameacha maziwa?" Mama Chebet akaniuliza. "Mtu wa Dundori anaachaje maziwa? Ama ni mikono yangu anaona ni michafu?"

Bustani ya sukuma nayo ilikuwa upande wa Mama Kamau. Siku moja Mama Chebet alienda kuchuma kama kawaida, na Mama Kamau akatoka jikoni haraka, akamchumia yeye mwenyewe, majani mazuri mazuri, akayafunga na uzi wa mgomba akampa kwa mikono miwili. Mama Chebet alirudi nayo jikoni akayaweka juu ya meza akakaa akiyaangalia.

"Amenichumia kama mgeni, Sabina. Mimi ni mgeni hapa?"

Hakurudi tena. Basi ikawa nyumba moja ina maziwa haina mboga, nyumba nyingine ina mboga haina maziwa, na mimi ninayekula kote nikawa ndiye pekee anayejua njaa za pande zote mbili. Kwa Mama Chebet tulikula ugali na mursik, asubuhi na jioni, mpaka ulimi ukawa mchachu. Kwa Mama Kamau githeri na sukuma, sukuma na githeri. Na kila mmoja aliniuliza kuhusu mwenzake, akijifanya anatafuta chumvi.

"Leo amekula nini huko?" Mama Chebet aliniuliza.

"Githeri."

"Na nini?"

"Na githeri."

"Kwani hakuna hata avokado? Atakonda huyo." Halafu, akigeukia sufuria, "Usimwambie nimeuliza."

Nilimuuliza Mama Kamau mara moja, tukipukuchua mahindi, "Kwani Mama Chebet amekukosea nini?" Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki uchi. "Hajanikosea. Amechagua. Ni kijana, ana haki ya kuwa na chake. Nilifikiri tu angeniambia kwanza." Hakueleza zaidi na mimi sikuelewa amechagua nini. Nilifikiri anaongea juu ya maua dhidi ya mti, na nikaona ni jambo dogo la kukasirikia. Nikijaribu kuwa wa haki leo, naona kila mmoja angeweza kuuliza swali moja tu na yote yangeisha. Lakini Mama Kamau aliona kuuliza ni kumwomba mtu asiondoke, na hakuwa mtu wa kuomba. Mama Chebet naye alikuwa mke wa pili kwenye ardhi ya watu wengine, lugha ya watu wengine; mtu kama huyo hujifunza mapema sana kutouliza. Nawaelewa wote wawili, na kuwaelewa kunanichosha kuliko kama ningemchagua mmoja.

Mche wa jakaranda ulikaa mkebeni pale kwenye ngazi. Nilikuwa naumwagilia maji ya kusuuzia vyombo, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Mama Kamau aliupita kila siku bila kuuangalia.

Mvua ndefu ilipokuja, matoka yakachanua. Yote kwa pamoja, mstari mzima kutoka langoni hadi zizini, na harufu yake jioni iliingia hadi kwenye stoo. Nitasema ukweli, ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona Dundori, na hakuna aliyesimama kuyaangalia. Jumapili moja baada ya kanisa akaja Mzee Njoroge, ndugu wa marehemu, mtu mnene mpole aliyependa mambo yaishe. Alisimama nje muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akaita wote wawili sebuleni kwa Mama Kamau. Mama Chebet hakuwa ameingia pale tangu jakaranda ije. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Mimi nilikuwa namimina chai, turungi kwa wote kwa sababu ndiyo ilikuwepo.

"Nataka kuwapongeza," Mzee Njoroge akasema. "Wajane wengine hupelekana kwa chifu. Nyinyi mmejipangia kimya kimya. Na vile imenyooka! Nani alivuta kamba?"

"Ni mimi, shemeji," Mama Chebet akasema, na uso ukamfunguka, kwa sababu hatimaye kuna mtu alikuwa amesifu maua yake.

"Basi nitaleta mtu wa kupima, afuate hapo hapo."

"Apime nini?"

"Shamba. Si mmegawana?"

"Kugawana na nani?"

Mzee Njoroge akamgeukia Mama Kamau. Mama Kamau alikuwa ameshikilia kikombe bila kunywa. Akauliza polepole, akichagua kila neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "Mama Chebet, hayo uliyopanda hapo nje. Kwenu Londiani mnayapandia nini?"

"Yapendeze."

"Yapendeze tu?"

"Sasa maua ni ya nini kingine, Mama Kamau? Ulikuwa umekataa kunywa maziwa yangu, sukuma ukanipa kama mgeni, nikajua hukuyapenda. Ungesema tu. Ningepanda huo mti wako."

Mama Kamau alijifunika uso na leso. Mabega yakatikisika. Nilifikiri analia, halafu nikafikiri anacheka, na mpaka leo sijaamua. Mzee Njoroge ndiye aliyemweleza Mama Chebet maana ya matoka, akijikwaa kwa aibu, na alipomaliza Mama Chebet alitoka nje bila viatu akachukua jembe lililoegemea ukuta.

"Nayang'oa yote. Leo hii."

Mama Kamau, ambaye miezi yote ile hakuwa amegusa mstari ule hata kwa kidole cha mguu, alimfuata nje akasimama juu ya mstari wenyewe, katikati ya maua, mikono amefungua. "Usiguse! Ukiling'oa moja, hapo ndipo tutakuwa tumeachana kweli."

"Ni kweli," Mzee Njoroge akasema kutoka mlangoni. "Hayo hayang'olewi."

"Sasa nifanye nini? Nikae nikiyaangalia mpaka nife?" Na Mama Chebet akaketi kwenye matope na nguo yake ya kanisa, jembe mapajani, akalia kwa sauti ile ile anayochekea.

Mama Kamau alisimama akifikiri. Mvua ilikuwa inaanza tena. "Sabina," akasema. "Kwenu haya bado yako?"

"Yako mengi."

"Kesho uende. Ulete gunia."

Nilileta gunia. Mzee Njoroge alikuwa amerudi kuona, na majirani wawili watatu kwenye ua. Mama Kamau hakutaka kamba, hakutaka kijiti. Alijaza vitunguu vile kwenye karai, akaiweka kiunoni kama anapolisha kuku, na akaanza kuvirusha. Huku na huku, bila kuangalia, kwa ule mkono wake wa kumwaga mahindi. Viliruka, vikabingiria hadi milangoni, chini ya kamba za nguo, kwenye sukuma. Kimoja kiligonga jogoo, kingine kikaingia zizini. "Kilipoanguka ndipo kipandwe," akasema. "Hakuna mtu amepima. Hakuna mtu amepanga. Tuone nani atakuja hapa kuniambia mpaka uko wapi."

Mama Chebet alimwangalia kwa muda. Kisha akanipa mtoto, akachukua kitunguu kikubwa akakirusha kwa hasira yote ya miezi ile, kikapaa juu kikaanguka kwenye mabati ya nyumba ya Mama Kamau, kikabingiria kikilia hadi chini.

"Hicho pia nipande nilipokirushia?" akauliza.

"Kama una ngazi," Mama Kamau akasema.

Mzee Njoroge alivaa kofia yake akaenda zake akitikisa kichwa. Tulipanda mpaka giza. Na mstari wa kwanza haukung'olewa hata ua moja. Uko pale mpaka leo, ila umepotea ndani ya wenzake.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo kila kitu kilirudi kama zamani. Hakikurudi. Walimenya viazi pamoja tena, ubishi ukarudi, Mama Chebet akawa anachuma sukuma bila kuomba. Lakini alipopeleka maziwa asubuhi, Mama Kamau alionja akaweka kikombe chini. Alikuwa amezoea turungi. Si hasira, alisema, ni tumbo tu limezoea. Mama Chebet aliendelea kupeleka kikombe kila asubuhi hata hivyo, na Kamau, ambaye alikuwa wa shule ndogo, ndiye aliyekuwa anakinywa. Na shamba lenyewe lilikuja kugawanywa miaka mingi baadaye kwa ajili ya watoto, na mpimaji na vigingi vyake, kama mashamba yote. Mimi sikuwepo. Niliondoka mwisho wa mwaka ule, na maisha yakanipeleka katika vyumba vya kupanga, kimoja baada ya kingine.

Jakaranda, nayo. Kabla niondoke, Mama Kamau aliamua sasa ni wakati wa kuipanda katikati. Aliinama kuinua mkebe, mkebe ukakataa. Alivuta, nikamsaidia kuvuta. Kutu ilikuwa imekula chini yake na mizizi imepita ikaingia ardhini, hapo hapo kando ya ngazi, siku zile zote tulipokuwa tunafikiri inangoja. Wakaiacha. Leo imepita paa, imepasua veranda, na mlango wa sebule haufunguki wote. Nimekaa nikilinganisha vitu hivi viwili, nikiwa sina bustani, nina mikebe michache dirishani tu. Itoka, yaani moja la matoka, linakaa ulipoliweka na kuonyesha yale uliyoyafanya, uwe uliyakusudia au hukuyakusudia. Lakini unaweza kuligawa, unampa mtu na wewe unabaki nalo. Mti hugawi. Mti haukuonyeshi chochote mpaka siku unayojaribu kuusogeza. Siwezi kusema kipi ni bora, na nikisoma tena nilichoandika sioni kama nimewafaa Kamau na Chebet.

Asubuhi baada ya mazishi niliwaambia hivyo. Nilisema sijui wangetaka gani, nikawaeleza niliyoyaona, mengine wakiwa wanayajua na mengine hawayajui. Chebet hakuwa amewahi kusikia habari ya sukuma iliyofungwa na uzi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha hakuna aliyeendelea na ubishi. Kamau alikuwa na mche wake wa jakaranda kwenye mkebe. Aliuweka kando ya kaburi bila kuchimba shimo. "Ukitaka utaingia wenyewe," akasema. Chebet alikuwa amechimbua matoka kutoka uani, karai nzima, akainama akaanza kuyapanga kuzunguka kaburi, moja moja, kwa ukingo mzuri.

"Chebet," Kamau akasema. "Si hivyo."

Akamchukulia karai. Akaiweka kiunoni, na yule mtu mzima mwenye mvi akarusha kwa mkono wa mama yake kabisa, mkono wa kumwaga mahindi, huku na huku kwenye ukungu. Chebet akacheka kile kicheko cha mama yake. Matoka yalianguka juu ya udongo mpya, kwenye nyasi, upande wa huku na wa kule wa kigingi cha mpimaji. Moja lilibingiria likaja likasimama kwenye kiatu changu. Niliinama kwa taabu nilichukue niwarudishie.

"Wacha hapo hapo, Anti," Kamau akasema. "Hilo ni lako."

Nilibaki nimeinama. Halafu nikaomba jembe.